Sare za vijana wa bustani: anza na miguu, nembo ije mwisho

Swali: "Shikamoo mama. Nina vijana watano wa kutunza bustani, wanne wa kiume na mmoja wa kike. Tunakata nyasi na kupunguza ua Goba na Mbezi Beach, na sasa tumepata jengo la apatimenti Masaki. Meneja wa jengo ametupa mwezi mmoja, anataka vijana wawe na sare. Nimeonyeshwa fulana za bei rahisi zenye nembo kubwa kifuani. Fundi mwingine ananiambia nishone ovaroli. Pesa yenyewe ni ya kubana. Nianze na nini, nichukue rangi gani, na je, ni sawa nikiwakata kidogo kwenye mshahara ili wazitunze?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi ya Masaki. Swali lako nalipata mara kwa mara hapa karakana, ila wengi huja wakiwa wameshalipa arbuni ya fulana. Wewe umeuliza kabla ya kulipa, kwa hiyo tunaweza kuokoa pesa yako.

Kabla sijaanza kushona nguo za kazi nilisimamia bustani kwa miaka mingi, na sare yangu ya kwanza ilikuwa hiyohiyo unayoonyeshwa. Fulana za poliesta tupu, nyepesi, zenye nembo ya wino wa mpira iliyojaa kifua kizima. Asubuhi vijana walipendeza, nikawapiga picha. Ilikuwa mwezi wa pili, unajua jua la Dar la mwezi wa pili. Nilirudi saa saba mchana nikakuta wawili wamezivua na kuzifunga kichwani, wa tatu ameikunja hadi chini ya kwapa, na mwenye nyumba amekaa barazani na wageni wake. Nilikuja na maneno mdomoni. Nilipoishika fulana ya mmoja wao maneno yakaniisha. Upande wa ndani, pale penye nembo, palikuwa pamelowa chapachapa na ngozi yake ilikuwa imetoka vipele vya joto kwa umbo lilelile la nembo. Wino ule haupitishi hewa. Nilikuwa nimemfunga kijana wa watu kipande cha nailoni kifuani, kisha nikamtaka afyeke saa sita nacho.

Toka siku hiyo kipimo changu ni kimoja. Nguo isiyovalika saa nane mchana katikati ya kazi si sare, hata ikiwa na nembo nzuri namna gani. Ndiyo maana nakwambia pesa yako ianzie chini, miguuni, ipande juu, na nembo uifikirie mwisho ukibakiwa na kitu.

Miguu kwanza, kwa sababu huko ndiko kuna hatari na huko ndiko meneja anakoangalia hata kama hajui kuwa anaangalia. Mtu aliyevaa fulana mpya na yeboyebo ameshajieleza. Kijana anayetumia mashine ya kufyekea anahitaji sefti buti yenye chuma puani na soli yenye meno, hasa kwenye miteremko ya Goba nyasi zikiwa na umande. Gambuti ni za masika na za kumwagilia. Usimpe mtu gambuti kuwa kiatu chake cha kila siku, miguu itaoza kwa fangasi. Na viatu usinunue kwa kukisia namba. Waite wote watano, wavae na soksi nene, watembee. Soksi ziweke kwenye bajeti, jozi tatu kwa kila mmoja, maana buti bila soksi siku ya pili tu inachuna kisigino na siku ya tatu kandambili zinarudi.

Kutoka miguuni panda machoni. Uzi wa nailoni wa mashine ukigusa kokoto unairusha kama manati. Vitabu vya mashine hizi huagiza watu wengine wakae umbali wa mita 15, na anayeishika mashine hana umbali wowote zaidi ya urefu wa mpini. Miwani ya usalama kwa kila anayefyeka, na ngao ya uso ya wavu kwa mwenye mashine. Miwani ya jua ya Kariakoo haimo kwenye hesabu hii, kioo chake kinapasuka kuelekea jichoni. Ongeza vikinga masikio. Mashine nyingi za namna hii mlio wake hupita desibeli 90, na mtu akikaa kwenye desibeli 85 saa nane kwa siku, tayari masikio yake yako kwenye hatari. Vijana watakwambia wamezoea. Waliozoea ndio wanaoongea kwa kupiga kelele kwenye daladala.

Sasa suruali, na hapa nikae kidogo, maana ndipo fundi anapokuhitaji ujue unachotaka.

Ovaroli sikushauri. Ni nguo nzuri ya gereji. Kwenye bustani, mtu anayeinama na kuinuka mchana kutwa, ovaroli inamvuta mabegani, inamchemsha, na akitaka kwenda msalani lazima avue nusu ya nguo. Mwisho anaivua sehemu ya juu na kuifunga mikono kiunoni, na mikono inayoning'inia karibu na mashine inayozunguka sitaki hata kuifikiria. Shona suruali na shati tofauti.

Kitambaa cha suruali kiwe kadeti nzito iliyochanganywa pamba na poliesta. Pamba tupu inaloweka jasho na haikauki wakati wa masika. Poliesta tupu ikigusa bomba la moshi la mashine inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Mchanganyiko unapunguza shida zote mbili. Kwa kitambaa cha upana wa inchi 60, suruali moja ya mtu wa kawaida inakula kama mita moja na robo, kwa hiyo ukiambiwa mita mbili kwa kila suruali, uliza nyingine inakwenda wapi. Mwambie fundi akiloweke na kukianika kabla ya kukata. Wakati huohuo chukua kipande chenye unyevu, usugue na kitambaa cheupe. Rangi ikihamia, rudisha.

Sehemu inayochanika kwanza ni msamba. Angalia mtu anavyofyeka: miguu ameitanua, anazungusha kiuno, kisha anachuchumaa kuokota. Suruali ya dukani haikukatwa kwa ajili ya mwendo huo. Mwombe fundi aongeze kipande cha pembe nne msambani, mshono upigwe mara tatu kama wa jinzi, magoti yawe na kitambaa cha pili, na kona za mifuko zifungwe kwa zigizaga. Mfuko mmoja wa pajani wenye kifuniko, wa mkasi wa kupunguzia. Kiuno nyuma kiwe na lastiki. Kabla ya kulipa salio, kijana avae achuchumae mara kumi mbele ya fundi. Nimeona suruali nyingi zikilia tararara mara ya nne, na fundi muungwana huichukua palepale akairudia.

Huyo binti yako apimwe peke yake. Usimpe suruali ya kiume iliyopunguzwa kiuno, haitamkaa nyongani na atakuwa anaivuta siku nzima mbele za watu. Kama anapenda kufunga kanga juu ya suruali wakati wa kupalilia na kufagia, mwache, ni heshima yake na haizuii kazi. Siku anayoshika mashine kanga inakaa kwenye begi. Kama anavaa mtandio, mshonee wa kubana unaoingia ndani ya kola, usio na ncha za kupeperuka. Mzungumze naye kabla ya kushona, si baada.

Juu, chukua fulana za kola, zile tunazoita fomu siksi, za pamba iliyofumwa kwa vijitundu. Mikono mirefu ni bora kuliko mifupi, ingawa vijana watabisha wiki ya kwanza. Jua la hapa linachoma, majani ya ua yanakwaruza, na upupu ukiwapata hamtafanya kazi tena siku hiyo. Kichwani kofia ya duara yenye ukingo mpana. Kapelo inakinga uso ila inaacha shingo na masikio. Kama una kijana mwenye ualbino, au ukija kumwajiri, mikono mirefu na kofia pana kwake ni lazima kila siku, na losheni ya kukinga jua uiweke kwenye gharama za kazi kama unavyoweka petroli.

Kuhusu rangi, wengi hukimbilia kijani kwa sababu ya majani. Kijani peke yake hakina neno. Lakini angalia kola ya njano, au kofia ya njano, maana kijani na njano mjini hapa ni CCM, na vijana wako watasimama kwenye geti la mtu wakionekana wanakwenda mkutanoni. Hivyohivyo kaki juu mpaka chini, watu watasoma magwanda ya Chadema. Zambarau ni ACT. Wewe unaingia kwenye nyumba za watu wa kila chama na wasio na chama, rangi yako isianze mazungumzo.

Bluu nyeusi yenye mabega ya vifungo iache, ni walinzi. Na hili nalisema kwa mkazo: usinunue suruali za mabakamabaka za mitumba, hata kama ni ngumu na zinauzwa kwa bei ya kutupa, wala kitambaa chochote kinachofanana na cha jeshi. Mwezi wa nane 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe. Ni kosa la jinai, na atakayekamatwa barabarani ni kijana wako, si wewe.

Mimi napenda suruali ya kijivu cha mkaa na fulana ya damu ya mzee. Kijivu kinaficha mafuta na majani, damu ya mzee inaonekana vizuri kwenye kijani cha bustani, na hakuna anayeidai. Nyeusi inavuta joto. Nyeupe utaijutia siku ileile.

Nembo sasa. Fikiria mtunza bustani anaonekanaje akiwa kazini. Ameinama, jirani anayepita anaona mgongo. Kifuani hakuna anayesoma ila mlinzi wa getini, na yeye yuko hatua mbili. Kwa hiyo kifuani darizi kitu kidogo, upana wa vidole vinne, jina la kazi yako na chini yake jina la kwanza la kijana. Mgongoni, kama ni lazima, jina pekee kwa wino wa maji, ule unaoingia kwenye uzi badala ya kukaa juu yake. Namba ya simu iandike ubavuni mwa guta au kirikuu mnayobebea mashine. Inasomeka vizuri zaidi, na laini ikibadilika unapaka upya ubao mmoja badala ya kutupa fulana kumi na tano.

Kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kwa kamba usiwape. Kamba na mashine inayozunguka havikai pamoja. Kiwe cha kubana mfukoni, kinaonyeshwa getini kisha kinaingia mfukoni.

Na hapo getini ndipo nataka ufikirie, kama unategemea sare ikuletee wateja. Miaka niliyosimamia bustani sijaona mtu aliyeniita kwa sababu fulana zetu zilikuwa nzuri. Wameniita kwa sababu ua wa jirani ulikuwa umenyooka. Kazi ya sare ni nyingine. Mlinzi wa jengo lile la Masaki ana wapangaji ambao hawazijui sura za vijana wako. Kila asubuhi anauliza, nyie ni wa nani? Dada wa kazi ghorofa ya kwanza anafungua pazia anaona mwanaume kasimama karibu na dirisha. Sare inajibu kabla kijana hajafungua mdomo, na inamwepusha na ule mtazamo wa kushukiwa ambao vijana wetu wanaokuja kwa miguu kwenye mitaa ya matajiri wanaujua sana. Mmoja aliniambia zamani, "Tangu tuvae, hakuna aliyenifuata nyuma kuangalia naelekea wapi." Kwangu sababu hiyo inatosha kuliko wateja kumi.

Ndiyo maana pia sare ni ufunguo, na ufunguo unatunzwa. Kila fulana iwe na namba ndogo iliyodariziwa ndani ya kola, nawe uwe na daftari: namba hii ya nani, imetoka lini. Kijana akiacha kazi, hata mkiagana kwa mema, fulana zinarudi siku ya malipo ya mwisho. Akija mtu na fulana yako kwenye jengo baada ya miezi mitatu, mlinzi atamfungulia.

Kuwakata mshahara, hapana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kutoa vifaa vya kujikinga, na buti, miwani na glavu ni vifaa vya kujikinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo hairuhusu makato isipokuwa yanayotokana na sheria, au ya deni ambalo mfanyakazi ameyakubali kwa maandishi. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekwambia vilevile. Unataka wazitunze, sawa. Uliza kwanza wanazifulia wapi. Vijana wengi wa kazi hii wamepanga chumba kimoja, maji wananunua kwa dumu. Ukimwambia mtu aje na fulana safi kila asubuhi, umemwambia anunue maji na sabuni kila jioni, na aianike usiku mahali ambapo haitakauka wala haitabaki kambani. Kwa mshahara wa bustani, hayo tayari ni makato.

Kwa hiyo pesa ambayo ungeitia kwenye nembo itie kwenye idadi. Kila kijana fulana tatu na suruali mbili, ndiyo kusema fulana kumi na tano na suruali kumi. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, nyasi hazingoji na nguo hazikauki, na hapo ndipo mwenye fulana moja anapokuja na ya jana. Kila mwezi mpe kila mmoja mche wa sabuni, au fanya kama ninavyofanya na wateja wangu wengine: tafuta mama mmoja wa kufua, nguo zote zinakwenda kwake Jumatano na Jumamosi, unamlipa wewe. Madoa ya majani yalowekwe kwenye maji ya baridi mapema, yakikauka hayatoki. Jiki marufuku, inakula uzi na kupausha rangi. Nguo iliyomwagikiwa petroli ianikwe nje mpaka harufu iishe kabisa kabla haijakaribia pasi, hasa pasi ya mkaa.

Nguo ya kupulizia dawa ni habari tofauti. Iwe seti yake, na glavu za mpira ndefu, barakoa yenye kichujio na aproni. Haifuliwi na nguo nyingine, haiendi nyumbani kwa watoto. Kama hamna mahali pa kuifulia penye kazi, kazi ya kupuliza msiichukue kwanza.

Muombe meneja kitu kimoja kabla ya kusaini, chumba kidogo cha kubadilishia nguo na choo. Vijana waje na nguo zao za nyumbani, wabadilishe, na jioni waoge uso na mikono waondoke kama watu wengine. Wakipanda daladala na buti zenye matope na fulana inayonuka petroli, abiria watasogea mbali nao, na jina lako limeandikwa kifuani. Na choo nakisisitiza, maana bila choo kijana ataenda nyuma ya ua, na atakayemwona hatakumbuka kitu kingine chochote mlichofanya pale. Meneja anayetaka sare hawezi kukataa choo. Yeye naye huenda akakuuliza kama mmejisajili OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uwe na jibu mkononi.

Ukiwa umebanwa sana mwezi huu, nunua buti, soksi, miwani, ngao ya uso, vikinga masikio na glavu sasa, na fulana mbilimbili tupu za rangi moja bila kudarizi chochote. Suruali za kushona zifuate mwezi ujao, wakati huu wavae jinzi nzima zisizotoboka. Nembo hata baada ya miezi mitatu. Mweleze meneja ratiba hiyo kwa maandishi. Rangi moja, buti safi na watu watano waliochomekea, ataona tofauti.

La mwisho hukuuliza ila litakufika. Siku ya kazi nyingi utachukua kibarua wa siku moja pale kijiweni. Fulana yako usimpe, hata ya kuazima. Weka vizibao viwili vya riflekta kwenye guta, vyenye neno BUSTANI mgongoni na bila jina la mtu, na jozi moja ya buti namba 42 na nyingine 44. Asubuhi anavaa, jioni anavua kabla ya kupokea pesa yake, na mlinzi uwe umeshamwambia tangu asubuhi kuwa mwenye kizibao ni mgeni wa leo.